Seva mfukoni: wenye hamu na wenye hofu

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja kusini pale Somanga, wilayani Kilwa. Mizigo ikalala njiani. Tukiwa bado tunahesabu siku, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikaanza kusuasua. Kwenye steshenari ninayofanya kazi hapa Mtwara mjini watu waliendelea kuja kama kawaida: huyu ana fomu ya kuprinti, yule anataka kopi ya kitambulisho cha NIDA, mwingine kaleta barua ya kuombea kazi. Vyote viko kwenye simu. WhatsApp inazunguka tu, barua pepe haifunguki, kompyuta yetu ya mezani haina Bluetooth, na waya uliokuwepo ni wa kuchajia tu, data haupitishi.

Siku hizo ndipo tulipoigeuza simu ya dukani kuwa seva, yaani kifaa ambacho kompyuta nyingine inaingia kuchukua mafaili. Tuliweka Termux, programu ya kuendeshea amri za kompyuta kwenye simu ya Android, ndani yake tukaweka OpenSSH, inayofungua njia ya SSH ya kuingia kwenye kifaa kwa mawasiliano yaliyofichwa, tukawasha hotspoti bila bando lolote. Mteja anaturushia faili kwa Bluetooth, linaingia kwenye simu ya duka; kompyuta, kwa kidude chake cha wai-fai cha kuchomeka, imejiunga na hotspoti ileile, na WinSCP, programu ya Windows ya kuhamishia mafaili, inalivuta faili kwenda kuprintiwa. Intaneti haihusiki hata kidogo. Simu na kompyuta zinaongea zenyewe humohumo chumbani.

Tangu hapo mafundi tunaofahamiana tumegawanyika. Wapo wanaosema kila duka dogo na kila karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mwenye simu na kompyuta moja afundishwe jambo hili. Wapo wanaosema simu ni pochi ya mtu, na pochi haitobolewi mlango. Nimekaa na wote, na naona kila upande unauruka ukweli wa mwenzake.

Nianze na wenye hamu. Hoja yao ya gharama haihitaji maelezo kwa mtu yeyote anayenunua bando la siku kila asubuhi. Hoja yao nzito ni ya usalama. SSH ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, baada ya mtandao wa chuo kikuu chake kuvamiwa na mtu aliyekuwa ananasa nywila zikipita wazi kwenye waya. Kuanzia hapo mazungumzo ya kompyuta mbili yakawa yanafichwa kabla hata nywila haijatumwa. Programu nyingi za kuhamishia mafaili kwenye simu mpaka leo zinatumia FTP ya kawaida, na FTP hupitisha jina na nywila wazi vilevile. Anayeikataa SSH kwa hofu kisha akatumia FTP ameruka majivu akakanyaga moto. Flashi nayo tunaijua: inazunguka steshenari zote za mji, inarudi na virusi vinavyogeuza folda zako kuwa shotikati. Na lipo jambo ambalo mimi nalipenda zaidi, ingawa halina uhusiano na biashara. Kijana wa VETA asiye na kompyuta anajifunza amri za Linux kwenye simu aliyonayo, tena anajifunza vitu vilevile vinavyotumika kwenye seva kubwa.

Wenye hofu wanatia chumvi mahali pamoja. Wanasema anayeingia kwa SSH atafika hadi kwenye M-Pesa. Hapana. Android huitenga kila programu kwenye chumba chake. Aliyeingia kupitia Termux anaona kile tu ambacho Termux yenyewe imeruhusiwa kuona, na namba yako ya siri ya pesa haimo humo. Kwa sababu hiyohiyo namsihi kila mtu asiiruti simu yake, yaani asijipe mamlaka yote juu ya mfumo wake. Wengi huona seva ya SSH duniani kote ikisikiliza poti namba 22 (poti ni mlango wenye namba ambao programu hupokelea mawasiliano), wakataka na simu iwe hivyo, wakakuta Android hairuhusu programu ya kawaida kutumia poti iliyo chini ya 1024. Termux inatumia 8022 na kazi inafanyika vizuri kabisa. Kuruti simu ili upate namba 22 ni kuzibomoa kuta zilezile zinazokulinda.

Ila ukiondoa chumvi hiyo, hofu yao imesimama mahali sahihi. Kwa kazi kama yetu, Termux bila ruhusa ya hifadhi haisaidii. Lazima uendeshe amri ya termux-setup-storage na kukubali. Ukishakubali, aliyeingia anaona picha ulizopiga, kila kilichopakuliwa, na mara nyingi hata picha zilizopokelewa kwa WhatsApp. Kwenye steshenari hayo si mambo yako peke yako.

Lilitupata. Mwezi mmoja hivi baada ya kuanza, tulikuwa tumeshaihamishia simu kwenye wai-fai ya duka, ile ambayo nywila yake tumeibandika ukutani kwa ajili ya wateja. Seva ilikuwa inalala imewashwa. Nywila ya seva ilikuwa namba ya simu ya duka, namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Mtu yeyote aliye kwenye wai-fai hiyo akiwa na programu ya kukagua mtandao anaona kuwa kifaa fulani kina poti 8022 iliyo wazi. Kilichobaki ni kubahatisha. Asubuhi moja nikakuta folda ngeni imejaa filamu. Aliyeingia aliitumia simu yetu kama ghala. Huenda hakugusa kingine, lakini folda iliyofuata chini yake ndiyo tuliyokuwa tunaweka kopi za vitambulisho. Nilikaa nikazifungua moja moja: sura, tarehe za kuzaliwa, sahihi. Wenyewe walitukabidhi ili tuwatolee kopi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde na asikae nazo kupita haja iliyofanya azichukue. Sisi tulikuwa nazo za wiki tatu, bila sababu yoyote zaidi ya uvivu wa kufuta.

Baada ya hapo sikuacha kuitumia seva, ila niliacha kuiamini nywila. Kompyuta inatengeneza ufunguo wa aina ya ed25519 wenye nusu mbili. Nusu ya siri inabaki kwenye kompyuta, ya wazi inabandikwa kwenye faili la authorized_keys ndani ya simu. Ukishahakikisha unaingia kwa ufunguo, unafungua faili la mipangilio ya seva, sshd_config, na kuandika PasswordAuthentication no, kisha unaiwasha seva upya. Hata ukuta mzima uandikwe nywila, haimsaidii mtu. Ni kazi ya nusu saa kwa anayeifanya mara ya kwanza, na wanaoipigia debe seva ya simu karibu wote huiruka sehemu hii kwa sababu bila hiyo nayo inafanya kazi.

Kuna kingine kinachorukwa. Mara ya kwanza kuunganisha, WinSCP huonyesha alama ya utambulisho wa seva, mstari wa herufi na tarakimu zisizo na maana machoni, na kuuliza kama unaiamini. Simu nyingi mpya hubadilisha anwani ya hotspoti, kwa hiyo swali hilo linarudi tena na tena, mkono unazoea kubofya ndiyo bila kusoma. Siku simu ya mtu mwingine itakapojifanya ndiyo yenu, mtabofya ndiyo vilevile. Sisi tuliisoma alama hiyo kwenye simu yenyewe kwa amri ya ssh-keygen -lf, tukaandika herufi zake kwenye kikaratasi kilicho chini ya kioo cha meza. Msaidizi wangu huzilinganisha kabla ya kukubali.

Termux yenyewe ichukuliwe kwenye tovuti za F-Droid au GitHub, ambako watengenezaji wa Termux wanaelekeza watu. Isiwe ile ya kurushiana simu kwa simu, ambayo hakuna anayejua ilianzia wapi.

Wanaotaka kuifikia simu iliyoko Mtwara wakiwa Dar es Salaam hukwama mapema, kwa kuwa kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na simu yako haina anwani yake ya kupigiwa hodi kutoka nje. Wao wanaliita tatizo. Mimi nashukuru kwamba lipo, maana seva nyingi za simu nilizoziona zingekuwa zimeshavamiwa. Njia za kulizunguka zipo, nyingi zikiwa ni VPN, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili. Kwa steshenari sioni haja yake.

Kuna pia wanaoshauri simu ya zamani iachwe kwenye chaji usiku na mchana iwe seva ya kudumu. Android yenyewe haitaki: huilaza programu iliyo nyuma ili kutunza betri, na kuanzia toleo la 12 huweza kuua michakato ya Termux bila taarifa. Joto la pwani yetu nalo lina lake. Simu yetu ya kwanza ilikaa kwenye chaji karibu na dirisha mpaka betri ikavimba na kusukuma kioo juu. Ungeweza kupitisha ukucha katikati ya kioo na ubavu wa simu. Betri iliyofikia hapo inaweza kushika moto.

Kwa hiyo nipo upande wa wenye hamu kwa saa za kazi, na upande wa wenye hofu kwa saa zilizobaki. Seva inawashwa mteja akiwa kaunta, amri ya pkill sshd inaizima tukimaliza, na folda ya kopi inafutwa kabla ya kufunga duka.

Hivi karibuni karani mmoja wa AMCOS alinijia na simu yake, akitaka niiwekee seva ili apeleke kwenye kompyuta orodha ya kilo za korosho za wakulima kabla minada haijaanza. Simu hiyohiyo ndiyo ana pesa zake, na jioni watoto wanaichezea. Nilimkatalia kwenye simu hiyo. Tulichukua ya zamani isiyo na laini, betri nzima, hotspoti ikitoka kwenye ile anayotembea nayo; tukaweka ufunguo, tukazima nywila, orodha ikawekwa ndani ya folda ya Termux yenyewe bila kuipa ruhusa ya hifadhi. Alilalamika kwamba sasa anabeba simu mbili. Nilimwonyesha majina ya wakulima kwenye orodha ile, na kiasi cha korosho kilichoandikwa mbele ya kila jina, akaitia ya pili kwenye mkoba.