Mto Ruaha Nao Upewe Fungu Lake

Hapa Nijmegen, mashariki mwa Uholanzi, mgeni mwenye kibali cha kuishi hana kura ya bunge, ila ya maji anayo. Kila baada ya miaka 4 tunachagua wajumbe wa bodi ya maji ya eneo letu, na bodi hiyo inatutoza kodi yake yenyewe. Bodi za namna hii zilianza karne ya 13, na leo zipo 21 nchi nzima. Zinashughulika na matuta ya kuzuia mafuriko, mifereji, usafi wa maji na kina cha maji mashambani.

Nalisema hili kwa sababu kila nikizungumza na watu wa nyumbani Mbarali, mkoani Mbeya, Tanzania, kuhusu mto wetu wa Ruaha Mkuu, tunaishia kulaumiana. Mara wafugaji, mara wakulima wa mpunga, mara watu wa hifadhi. Mimi naona tatizo liko kwingine: tunagawana maji yote kwanza, kisha mto unapata kinachosalia. Na kiangazi hakisalii kitu.

Kwa wasiolijua bonde letu la Usangu: mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera inashuka kutoka milimani, inakutana bondeni na kutanuka kuwa ardhioevu ya Ihefu. Maji yanatoka Ihefu pale Ng'iriama, yanapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanaingia mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, halafu yanaungana na mto Rufiji. Mtera ina megawati 80, Kidatu 204. Zamani mto huu ulitiririka mwaka mzima. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kiangazi unakatika ndani ya hifadhi. Viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya tope, samaki wanaoza, na tembo wanachimba mchanga kwa miguu kutafuta maji.

Nenda mwezi wa nane kwenye banio, pale mto unapozuiwa ili maji yaingie mferejini, uone. Mpunga umeshavunwa, majarubani kuna mabua makavu, lakini mfereji bado unatiririka. Unatiririka kwa sababu kitongoji cha mwisho wa mfereji hakina kisima. Akina mama wanachota humo, ng'ombe wanakunywa humo, bustani za nyanya na vitunguu zinanyweshwa kutoka humo. Ili hizo ndoo zifike, mto unapokonywa maji mara nyingi zaidi ya yanayotumika, na njiani mengi yanazama ardhini, yanamwagika barabarani na kutuama kwenye majaruba matupu. Anayefunga banio anawakatia watu maji ya kunywa. Nani atalifunga? Hata mimi nisingelifunga.

Hali ya hewa nayo inatubana. Mvua zikichelewa, mkulima anataka maji ya mto kwa ajili ya vitalu vya miche mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, wakati ule ule mto uko chini kabisa. Zikija, zinakuja kwa kishindo, zinabomoa mabanio ya mawe na viroba vya mchanga, na udongo wa milimani unaishia kwenye mifereji.

Dawa tuliyoijaribu ni kuwaondoa watu. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu, wengine wakasogea hadi Lindi na Rufiji. Mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa kwenye hifadhi. Ardhioevu ile inastahili kulindwa, sibishi. Lakini mto uliendelea kukauka, kwa kuwa mabanio ya juu yalibaki wazi vile vile.

Hapa Nijmegen watu waliondolewa pia, na ndiyo maana nalinganisha. Mwaka 1995 maji ya mito ya Rhine na Meuse yalipanda hadi watu wapatao 250,000 wakahamishwa. Badala ya kuongeza tu urefu wa matuta, Waholanzi waliamua kuupa mto nafasi, kwenye maeneo zaidi ya 30, kwa takriban euro bilioni 2.3. Mtaani Lent, ng'ambo ya mto kutoka hapa mjini, tuta lilirudishwa nyuma mita 350 na nyumba zipatazo 50 zikabomolewa. Wenyeji walipinga, wakasikilizwa, wakalipwa. Kwingine, Overdiepse Polder, wakulima wenyewe ndio waliopendekeza mpango: baadhi wahame, wanaobaki wajengewe vilima vya kuwekea nyumba na mabanda ya ng'ombe. Mkono mtupu haulambwi, na serikali yao ililijua hilo.

Sisemi kwamba Wazungu wanajua kulea mito. Rhine waliinyoosha karne ya 19 wakaua mabonde yake, na mwaka 1986 ghala la kemikali lilipoungua karibu na Basel, samaki walikufa kwa mamia ya kilomita. Wanarekebisha walichoharibu, tena kwa gharama kubwa. Sisi Ihefu bado tunayo.

Kinachonigusa zaidi ni wanavyofanya wakati wa ukame. Mwaka 2018 na 2022 Rhine ilipungua hadi meli zikabeba sehemu tu ya shehena. Waholanzi wana orodha ya nani anapata maji kwanza, iliyozaliwa na ukame wa 1976. Juu kabisa ni usalama wa matuta na maumbile yasiyoweza kurudi yakishaharibika, kisha maji ya kunywa na umeme. Kilimo kwa sehemu kubwa kiko mwishoni, katika nchi ya wakulima matajiri wenye sauti.

Na sisi tunayo orodha! Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha akiba ya mazingira, ndipo mengine yafuate. Imeandikwa vizuri. Inakosa mtu wa kuisimamia pale kwenye banio, mwenye kipimo cha maji na geti linalofungika.

Mtaniambia wenzetu wana hela. Ni kweli. Lakini ninachokililia hakihitaji mabilioni ya euro. Visima vichimbwe kwenye vitongoji vya mwisho wa mifereji, ili banio lifungwe mpunga ukishavunwa bila mtu kulala na kiu. Mabanio ya viroba yawekewe mageti. Jumuiya za watumia maji zipewe fedha za kweli, na sehemu ya fedha hizo itoke kwenye umeme wa Mtera, Kidatu na sasa Bwawa la Nyerere kwenye Rufiji, kwa sababu maji hayo yanafika huko pale tu mkulima wa Mbarali anapoyaacha yapite. Akiyaacha, alipwe.

Wa Rujewa, Ubaruku, Chimala na Igurusi, nawaomba mniandikie: zamu za maji mwaka huu mnagawanaje, na kwenu ni mabanio mangapi yanafungwa baada ya mavuno?