Picha za mtaani Lamu: mwenyeji ana ruhusa kuliko mgeni?

Zamani kamera ikiinuliwa katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale wa Lamu, ulijua aliyeishika ni mgeni. Leo wanaopiga ni sisi wenyewe, kwa simu: punda wakishusha mizigo, wazee wakicheza bao Mkunguni mbele ya ngome, msafara wa zefe ya Maulidi ukipita ukingoni mwa bahari. Nami hupiga karibu kila siku. Na nyumbani huulizwa: nani kakuruhusu?

Naanza na utetezi wangu. UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001, na milango yake ya kuchongwa imepigwa picha hadi basi. Maisha yaliyo nyuma ya milango hiyo ndiyo hayana kumbukumbu. Anayepita siku tatu huondoka na machweo na tanga la jahazi. Hawezi kujua kwamba fundi yule wa viatu ndiye wa mwisho mtaani, wala kwamba bodaboda zinawanyang'anya punda mizigo. Mwenyeji asipopiga, hayo yatapita bila kuonekana.

Lakini ujirani huohuo ndio unaoumiza. Mwanamke aliyevaa buibui, katika picha ya mtalii, ni umbo jeusi ukutani. Katika picha yangu jirani ataujua mwendo wake, atajua ni mke wa nani, na ataanza kujiuliza saa ile alikuwa akitoka wapi. Ndiyo maana katika kupamba kwetu pwani, usiku wa wanawake kumtazama bibi harusi, simu mara nyingi hukatazwa kabisa. Wanaokatazwa si wageni. Ni mashangazi na binamu. Wanaoliona katazo hilo kuwa ushamba hawajafikiria picha hufika wapi ikishaingia katika makundi ya WhatsApp.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimzuii mtu kujiwekea picha kwa matumizi yake binafsi au ya nyumbani. Kusambaza ni jambo jingine. Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mimi si shule, lakini picha za watoto wa madrasa nimeacha kuzituma.

Kilichonibadilisha zaidi ni hamali mmoja wa gatini. Nilimpiga picha akiwa amebeba gunia la unga, jasho likimtiririka, mwanga wa asubuhi ukiwa begani. Kwangu ilikuwa picha bora ya mwaka. Nilipomwonyesha alinyamaza, kisha akasema, "Njoo Ijumaa."

Ijumaa nilimkuta kavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito. Akasimama kwenye baraza lake, akaniagiza nimpige hadi miguuni. Nilikumbuka picha za Bakor Studio, studio ya Omar Said Bakor hapa Lamu. Zama zile mtu alimwendea mpiga picha. Alijipamba na kukaa apendavyo. Simu imeugeuza mwendo huo: sasa picha humjia mtu alivyo, akitaka asitake.

Kuna watakaosema picha ya Ijumaa si ya kweli. Sikubali. Mtu ana haki ya kusema yeye ni nani mbele ya mji wake. Lakini sikubali pia kwamba ile ya gunia ifutwe: siku mizigo yote ikishushwa kwa mashine, ndiyo itakayoonyesha mji huu uliinuliwa na mabega ya nani.

Ya kanzu nilimchapishia, iko ukutani kwake. Ya gunia ninayo mimi. Sijaituma popote, na nimemwambia kwamba sitaituma mpaka aseme yeye.