Uchunguzi wa Thange usiishie kwenye udongo wa juu
Makala yenu kuhusu mafuta yaliyovuja Thange, kule Kibwezi, yamejikita katika fidia kwa walioathirika, jambo ambalo ni haki kabisa, lakini yamepita haraka mno juu ya uchunguzi wenyewe wa udongo na maji. Mafuta yaliyovuja mwaka 2015 kutoka kwenye bomba la Mombasa–Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, si suala la udongo wa juu pekee: petroli hupenya ardhini hadi ikute maji, huelea juu yake, na sehemu yake, hasa benzeni inayosababisha saratani, huyeyuka na kusafiri na maji hayo. Ndiyo maana huhitajika visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, tena visivyo katika mstari mmoja, ili tofauti ya viwango vya maji ioneshe yanakoelekea. Na sampuli zichukuliwe misimu ya mvua na ya kiangazi, kwa kuwa maji yakipanda na kushuka huyapaka mafuta kwenye tabaka jingine la udongo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za benzeni kwa lita ya maji ya kunywa. Matokeo ya kila kisima yabandikwe kwa chifu, ikiwezekana kwa Kikamba, badala ya kufungiwa katika ripoti nene jijini Nairobi.