Ukimzalisha Mbwa wa Ulinzi, Ni Wako Mpaka Afe

Wiki iliyopita nilitumiwa picha ya mbwa dume wa miaka 2, aina ya Boerboel. Kafungwa mnyororo mfupi kwenye nguzo, shingo imechubuka pale ukanda unapokaa, na chini ya picha pameandikwa: "Anatolewa bure. Mkali sana. Aje mwenye uzoefu." Nikapiga simu. Akapokea mama mmoja, sauti imechoka.

"Kaka, simchukii mbwa wangu," akaniambia. "Nimemlea kwa mikono yangu. Lakini sasa hata mama mkwe haingii humu ndani. Nifanyeje?"

Nikamuuliza aliyemuuzia anasemaje. Akanisomea jibu alilotumiwa: "Dada, biashara yetu ilishakwisha. Kama amekushinda mtafutie mtu, au mwite daktari wa mifugo amdunge sindano ya kumuua."

Tangu niyasikie maneno hayo sijatulia. Biashara ilishakwisha! Kiumbe umekichagulia baba na mama, umepanga kizaliwe, umepokea fedha, halafu miaka 2 baadaye unasema hakikuhusu. Msimamo wangu ni huu, na sitaulainisha: ukizalisha mbwa wa ulinzi atakayefika kilo 60, mbwa huyo ni wako mpaka afe. Anaweza kulala kwa mtu mwingine, akalishwa na mtu mwingine, akampenda mtu mwingine kuliko wewe. Lakini siku anapokosa pa kwenda, wa kwanza kumpokea uwe wewe. Asiyeweza kuahidi hivyo asipandishe.

Tuanze na huo ukali. Yule dume hajaharibika. Amekua, basi. Boerboel ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi walinde nyumba na watu wake bila kusubiri amri. Kangal wa Uturuki alichaguliwa akae na kondoo usiku kucha na aamue mwenyewe nani apite na nani asipite. Rottweiler, Cane Corso, mbwa wa milima ya Kaukazi, kila mmoja na historia yake, lakini wote wana tabia moja: utoto wao ni mrefu na unadanganya. Katika mwaka wa kwanza anampokea kila mgeni kwa furaha, mwenye nyumba anajisifu kwamba wa kwake ni mpole. Kisha, mahali fulani kati ya miezi 18 na miaka 3, akili ya ulinzi inakomaa.

Anayejua mbwa hawa huiona siku yenyewe. Mgeni yule yule aliyezoeleka anaingia, na mbwa hasogei kumlaki. Anasimama kati ya mgeni na mlango. Uzito wote ameupeleka miguu ya mbele, mdomo umefungwa, mkia hauchezi, masikio yameelekea mbele, pumzi inapita puani. Habweki. Mwenye mbwa asiyefundishwa anaona ametulia, anafurahi, anamwambia mgeni, "Pita tu, hana neno." Hapo ndipo mtu anapong'atwa, na baadaye mtaa mzima unasema mbwa alibadilika ghafla.

Hakubadilika ghafla. Mzalishaji alijua kwamba siku hiyo inakuja, maana ameiona kwa baba yake, kwa mama yake na kwa ndugu zake wakubwa. Alikaa kimya kwa sababu ukimweleza mnunuzi mambo haya mapema huenda akaondoka bila kununua. Ukimya huo ndio uliomfikisha yule dume kwenye nguzo.

Tena mzalishaji ana deni lingine ambalo mnunuzi hawezi kumlipia. Mtoto wa mbwa hujifunza dunia ni kitu gani kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi: sauti, watoto wa binadamu, wazee wanaotembea na fimbo, sakafu inayoteleza, ngurumo, magari. Haifai aondoke kwa mama yake kabla ya wiki 8. Piga hesabu mwenyewe. Karibu nusu ya kipindi hicho kiko mikononi mwa mzalishaji. Akiwafungia watoto kwenye banda la nyuma, wakaona sahani na mkono mmoja tu unaoileta, wanaondoka wakiwa tayari wamepungukiwa na kitu kisichorudishwa kikamilifu na mafunzo ya baadaye. Mbwa mdogo mwenye woga ni usumbufu. Mwenye kilo 60 akiwa na woga ni hatari, kwa sababu woga wake anauonyesha kwa meno.

Kuhusu afya sitakaa sana, ingawa ningeweza kuandika mpaka asubuhi. Mbwa wakubwa wanaumwa nyonga. Ni ugonjwa wa kurithi unaochangiwa na jeni nyingi, na lishe ya utotoni huuongezea nguvu, hasa mtoto akinenepeshwa apendeze kwenye picha. Huwezi kuuona kwa macho kwa mzazi anayekimbia vizuri, unahitaji eksirei. Taasisi ya OFA ya Marekani, inayopima nyonga za mbwa tangu 1966, haitoi cheti cha kudumu kwa mbwa ambaye hajafika miezi 24. Kwa hiyo mtu anayekuambia jike wake wa mwaka mmoja "amepimwa, yuko safi" anakuambia jambo ambalo halijajulikana bado. Ujerumani, chama cha Rottweiler kiitwacho ADRK, kilichoanzishwa 1921, hakiruhusu mbwa azalishwe kabla ya kupigwa eksirei ya nyonga na kupita mtihani wa tabia. Kupendeza hakutoshi.

Lakini kuna ugonjwa mmoja lazima niutaje, kwa sababu unaniuma kupita yote. Kwa Rottweiler unaitwa JLPP, ugonjwa wa kurithi unaopooza koo na kuharibu mishipa ya fahamu. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya, anacheza. Akifika karibu miezi 3 unaanza kusikia mkwaruzo anapopumua, kama mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa. Kisha miguu ya nyuma inayumba. Kisha anapaliwa na chakula, maana koo halifungui na kufunga inavyotakiwa. Hakuna tiba. Wazazi wake wote wawili wanaonekana wazima kabisa, kwa sababu kila mmoja amebeba nakala moja tu ya jeni yenye kasoro. Wakikutanishwa, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua. Na kipimo kipo! Unasugua ndani ya shavu la mbwa kwa kijiti cha pamba, unatuma maabara, unapata jibu. Ukijua dume ni mbebaji, unampa jike asiyebeba, na hakuna mtoto hata mmoja atakayekufa kwa kukosa pumzi. Anayeruka hatua hiyo huku kipimo kipo anawapa watoto wale kifo ambacho angeweza kukizuia.

Nirudi kwenye makazi, maana hapo ndipo wengi wanaojiita wazalishaji makini wanapoanguka. Wanapima nyonga, wana vyeti vya nasaba mpaka vizazi vitano, halafu mtoto wanamkabidhi aliyelipa kwanza. Anafika mtu, anamnyooshea kidole mwenye kichwa kikubwa kuliko wenzake, basi, kaondoka naye. Watoto 10 wa tumbo moja hawafanani. Yupo anayesukuma wenzake wote na hashtuki sufuria ikianguka. Yupo anayekaa pembeni kwanza, anatazama, ndipo anasogea. Yupo anayetafuta mkono wa mtu muda wote. Yule wa kwanza ukimpeleka kwenye nyumba ya watu ambao hawajawahi kufuga, umewatengenezea msiba. Yule wa pembeni huenda akawa mlinzi bora wa familia tulivu. Aliyekaa nao wiki 8 ndiye anayejua, kwa hiyo yeye ndiye achague, siyo mnunuzi aliyewaona kwa nusu saa.

Na ajifunze kukataa. Mtu anayesema anataka mbwa "mkali kabisa, asitake mtu" usimpe. Anayepanga kumfunga mchana kutwa usimpe, kwa kuwa mbwa wa ulinzi aliyefungwa hajifunzi kutofautisha jirani na mwizi. Anajifunza tu kwamba kila kinachosogea kinamkaribia na yeye hana pa kukimbilia. Anayenunua kama zawadi ya kumshtukiza mwenzake usimpe. Fedha utapata kwa mwingine, au hutapata, na mtoto atabaki kwako wiki kadhaa zaidi. Ndiyo kazi uliyoichagua.

Nchini Namibia kuna shirika la kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, ambalo tangu 1994 limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa aina ya Kangal walinde mbuzi na kondoo, ili mfugaji asilazimike kumpiga duma risasi. Ninachokipenda kwao si mbwa wenyewe tu. Mtoto anawekwa na mifugo angali mdogo ili aione kuwa ndugu zake, na baada ya kukabidhiwa bado anafuatiliwa: anakula nini, anafanya kazi gani, mwenyewe anamtendeaje. Kama hilo linawezekana kwa mbwa aliyeko malishoni mbali na barabara, haliwezi kumshinda mtu ambaye wanunuzi wake wote wako kwenye simu yake.

Kwa hiyo mkataba uandikwe. Uwe mfupi lakini useme wazi: mbwa akishindikana, kwa umri wowote na kwa sababu yoyote, anarudi kwa aliyemzalisha, hauzwi wala hagawiwi bila yeye kujua, hapandishwi kabla ya kupimwa. Chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, iandikishwe ikiwa na jina la mzalishaji pia, ili mbwa akiokotwa mwaka wa 5 wa maisha yake apatikane mtu wa kumuulizia. Na tangazo la "anatolewa bure" lisiwepo kabisa. Dume mkubwa wa mbegu, hajahasiwa, anatolewa bure: wanaowahi kupiga simu ni wanaotaka kupiganisha mbwa na wanaotaka kumpandisha kwa kila jike watakayempata.

Najua majibu yatakayokuja. "Sina nafasi ya kuwarudisha wote." Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ni jambo zito. Dume mzima ukimrudisha kwenye uwanja wenye dume mwingine wanaweza kuuana. Wanahitaji uzio, mlango wa pili, mtu wa kuwapangia zamu. Nakubali pia kwamba wapo wanunuzi waongo, watakaokuapia mbwa atalala ndani na kesho yupo kwenye mnyororo. Lakini ugumu huo si hoja ya kukwepa. Ni kipimo cha kuzalisha. Kama una uwezo wa kumpokea mbwa mmoja tu aliyerudi, huna haki ya kuleta duniani watoto 30 kwa mwaka. Zalisha wachache. Acha banda moja wazi. Elewana na wazalishaji wenzako mpokeane.

Na wale wanaosema mbwa wa kawaida asiye na nasaba analinda vilevile, kwa nyumba nyingi wana haki. Watu wengi wanaonunua Boerboel walihitaji kengele tu.

Tusipojirekebisha wenyewe, sheria itaturekebisha kwa panga butu. Uingereza ilipitisha sheria yake ya mbwa hatari mwaka 1991, na ndani ya orodha wakaingia Fila Brasileiro, Dogo Argentino na Tosa wa Japani. Denmark mwaka 2010 ilipanua marufuku yake ikafika aina 13, Kangal na Boerboel wakiwemo. Sheria za namna hiyo haziulizi mbwa gani amelelewa vizuri. Mbwa aliyekaa na watoto bila kosa lolote anawekwa kundi moja na aliyelelewa kwa kipigo, kwa sababu ya sura. Sheria ninayoiheshimu ni ile ya Uingereza iliyoanza Aprili 2020, inayokataza mtu wa kati kuuza watoto wa mbwa wasiofika miezi 6: mnunuzi anakwenda kwa aliyemzalisha, au kwenye makazi ya mbwa wasio na wenyewe. Hiyo inamgusa anayestahili kuguswa.

Wewe unayetafuta mtoto wa mbwa mwezi huu, uliza maswali yako yote ya chanjo na vyeti. Omba kumwona mama wa watoto, usimame naye uwanjani, uone anavyokupokea wewe mgeni, mwenye mbwa akiwepo. Kisha uliza swali moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza: jike uliyekuwa ukimzalisha kabla ya huyu yuko wapi sasa? Jike mkubwa akipandishwa kila anapoingia kwenye joto la uzazi anachakaa mapema, na wengi wao wakifika miaka 6 huondolewa kimyakimya kwa kuwa hawazai tena. Mzalishaji wa kweli atamwita jina lake na utamwona akija, au atakupa namba ya mtu anayemtunza, umpigie hapo hapo. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru kwa muda wake, uondoke.