Konda anaingilia upande wa dereva

"Dada, hapa kiingilio shilingi ngapi?" aliniuliza dereva wa bodaboda aliyenishusha getini. Nikamwambia bure. Akacheka. "Kama ni bure, basi si petu."

Nikamlipa nauli yake, kisha nikamwomba azime pikipiki tuingie wote. Ilikuwa Jumanne mchana, maonyesho ya pamoja ya wasanii 9 wa hapa hapa Dar es Salaam, katika ukumbi unaojiita wa jamii. Ndani tulikuwa sisi wawili, mlinzi na feni. Siku ya ufunguzi, naambiwa, watu walikosa pa kuegesha magari.

Kazi zote sitazisema. Machweo yenye ngalawa nimeyaona mara nyingi mno, hata ngalawa zenyewe zinaonekana kuchoka. Vyandarua vilivyotiwa rangi na kushonwa kama magauni ya harusi vilinisimamisha muda mrefu. Lakini aliyetazama kweli siku ile ni yule kijana, kofia ngumu kwapani, mbele ya picha kubwa ya daladala.

Alirudi nyuma hatua mbili. "Dada, hili gari si linaelekea kulia?" Ndiyo. "Sasa mlango wa abiria unaonekanaje? Huu ni upande wa dereva. Konda anapakia watu katikati ya barabara. Watagongwa hawa."

Mimi nilikuwa nimeshamaliza kuisifu rangi yake. Huenda msanii alikusudia, na kama alikusudia ni jambo zuri kweli. Tungejuaje? Karatasi iliyobandikwa pembeni ilikuwa Kiingereza mwanzo mwisho. Kijana akaniomba nimsomee, nami nikajikongoja: "Nafsi iliyopasuka ndani ya msukosuko wa jiji la kisasa." Akanitazama kana kwamba nimeiandika mimi. "Mbona ni daladala ya Mbagala?" Chini yake, bei: dola 400.

Ugomvi wangu na kumbi zetu ni karatasi ile. Tunalalamika kwamba Waswahili hawapendi sanaa, hawaji, hawanunui. Waswahili gani? Hawa hawa ambao kanga kwao haijatimia bila pindo, mji na jina? Bibi yangu alikuwa akishika kanga dukani, anasoma jina kwanza, ndipo anatazama ua. Akiona maneno hayana makali, anairudisha. Daladala nazo hubeba maneno mgongoni, na abiria huyajadili kituoni. Picha na maneno tumeviweka pamoja miaka mingi, tena kwa lugha ya kwetu. Kisha tunajenga ukumbi, tunauita wa jamii, na maneno ya ukutani tunamwandikia mgeni.

Najua jibu: mgeni ndiye anayenunua. Ni kweli, tena si kweli ya jana. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, picha zake ziliuzwa chini ya mbuyu karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, walikonunua mahitaji yao wazungu. Msanii ana kodi ya nyumba na watoto shuleni, sitamwambia akatae dola. Kiingereza kibaki, lakini kiwe chini. Juu iandikwe kwa Kiswahili kile kilichochorwa, kimechorwa kwa nini, na bei kwa shilingi. Hata kama ni milioni, niijue. Kitu kisichotajwa bei kwa fedha yangu kimeshaniambia kwamba sitarajiwi kukinunua.

Na mlinzi je? Nilipomuuliza ni ipi anayoipenda, alinipeleka moja kwa moja kwenye mchoro mdogo wa mkaa nyuma ya mlango, mama anayechambua mchele, ambao nilikuwa nimeupita. Alikuwa ameupa hata jina lake mwenyewe. George Lilanga, mchongaji na mchoraji ambaye kazi zake zimezunguka Ulaya, Japani na Marekani, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar es Salaam, miaka ya 1970 kama mlinzi. Sisemi kila mlinzi ni Lilanga. Nasema watu hawa wanakaa na picha hizi mchana na usiku, na hakuna anayewauliza wanaona nini.

Tulipotoka, kitabu cha wageni kilikuwa mezani. Kijana akaandika, kwa herufi kubwa: MLANGO UHAMISHWE. Hakuweka jina.

Wiki iliyofuata nikakutana naye kijiweni. Nilidhani ataniuliza naelekea wapi. "Dada," akasema, "wameshauhamisha?"