Kabla ya kuchagua programu za Linux, fungua flashi yako uone kuna nini

Mwalimu aliingia saa kumi na moja jioni, flashi mkononi. Mtihani wa fizikia ulikuwa ufanyike kesho yake asubuhi: kurasa nne, yaani karatasi mbili mbele na nyuma, nakala 120. Nikafungua faili lake kwenye kompyuta yangu ya mezani, yenye Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na zile kurasa nne zikawa tano. Mchoro wa mzunguko wa umeme ulikuwa umerukia ukurasa uliofuata ukaacha pengo jeupe, na swali la mwisho limebaki peke yake huko nyuma na mistari mitatu. Mwalimu akainama nyuma ya kiti changu, akatazama, akasema kwa upole, "Kaka, mimi nilipoandika haikuwa hivi."

Nilijaribu kubana mistari, nikapunguza pembezoni, nikaharibu jedwali. Mwisho nikamrudishia flashi yake, akavuka barabara hadi steshenari ya jirani. Karatasi 120 za ziada kwa ajili ya mistari mitatu, hakuna mwalimu wa Kigoma atakayelipa hizo, na sikumlaumu.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuja kugundua kwamba Linux haikuwa na shida, wala LibreOffice, programu ya bure ya ofisi niliyofungulia faili. Shida ilikuwa fonti. Kuanzia Office 2007 hadi mwaka 2023, Word ilikuwa inaanza na fonti iitwayo Calibri, kwa hiyo mtu anayefungua ukurasa mpya na kuandika bila kugusa chochote anaandika kwa Calibri hata kama jina hilo hajawahi kulisikia. Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. Programu ikiikosa, inaazima fonti nyingine. Herufi za hiyo ya kuazima zikiwa pana kidogo tu, mstari unajaa mapema, neno moja linashuka chini, aya inaongezeka mstari, na kufika ukurasa wa nne umeshazaliwa wa tano. Ipo fonti ya bure inayoitwa Carlito, iliyotengenezwa ili upana wa kila herufi ulingane na ule wa Calibri. Ina ndugu yake Caladea anayeshika nafasi ya Cambria, na zipo Liberation zinazoshika nafasi ya Times New Roman na Arial. Nilipoweka Carlito, nikafungua tena nakala ya mtihani iliyobaki kwenye mashine, kurasa zikawa nne na mchoro ukarudi mahali pake. Muda niliotumia haukufika dakika tano.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi hapa Mwanga, Kigoma, wananijia na laptopu zao za mtumba. Mashine ni nzima, lakini Windows 11 inazikataa kwa sababu prosesa zake ni za zamani au hazina chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Wameshasikia habari za Linux, na swali wanaloniuliza ni lile lile: niweke programu gani nzuri? Mimi sianzi na programu. Naomba flashi, nafungua, tunatazama pamoja kuna mafaili gani, yametoka kwa nani na yanakwenda kwa nani. Naamini hilo ndilo la kwanza kuchagua. Unachagua mafaili yako yakae katika muundo gani, halafu programu inafuata. Ukianza na sura ya programu, au na orodha ya "programu kumi bora" iliyoandikwa na mtu mwenye intaneti ya bure ofisini, utakwama pale nilipokwama mimi mbele ya yule mwalimu.

Kwa maandishi nimebaki na LibreOffice, na sijuti. Tangu ilipojitenga na mradi wa OpenOffice mwaka 2010 imekuwa ikikua mwaka hadi mwaka. Barua, wasifu, mihtasari ya vikao, daftari la mauzo la mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, vyote vinapita humo. Ya kwangu mwenyewe nayahifadhi katika odt (maandishi) na ods (majedwali), kwa sababu muundo huo ni kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006 na maelezo yake yako wazi. Programu hii ikifa kesho, nyingine itayasoma. Ya mteja nayarudisha katika docx, muundo wa Word, kwa sababu huko anakokwenda ndiko wanakotaka hivyo, na nakala ya kuchapisha namtengenezea PDF. Mteja akiniambia "nitachapishia Kasulu," simpi kitu bila PDF. Nimeshaona barua ya kuomba kazi ikifika kwa mwenyewe imevunjika vunjika, na anayehukumiwa ni mwombaji.

Kuna mipangilio miwili naibadilisha kwenye kila mashine kabla sijaikabidhi. LibreOffice kwa kawaida huhifadhi nakala ya uokoaji kila baada ya dakika 10. Kwa umeme wetu dakika 10 ni nyingi mno, hasa kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, kwa hiyo naweka 2. Halafu nawasha ule uhifadhi wa nakala ya awali kila mara faili linapohifadhiwa. Ni jambo dogo, lakini mama mmoja aliyekuwa akiandikisha katiba ya kikundi chao cha kuweka na kukopa alinishika mkono umeme uliporudi na kurasa zake zote zikawa zipo.

Kivinjari nitapita haraka. Firefox inatosha. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira, mambo ya kodi, karibu yote siku hizi yanafanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali chini yake kuna Windows au Linux. Miaka ya nyuma hilo lisingewezekana. Kwenye mashine ya RAM gigabaiti 4, usifungue kurasa ishirini kwa pamoja ukategemea muujiza. Kwa video ni VLC, sina mjadala. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi Paris, na hadi leo sijaletewa DVD ya kwaya au video ya harusi ikaikataa.

Sehemu ambayo hao waandishi wa orodha hawaigusi kabisa ni bando. Programu moja inaweza kupatikana kwa njia mbili tatu, na njia hizo hazigharimu sawa. Ukiichukua kwenye hazina ya programu ya Debian, aina ya Linux ninayotumia, kwa amri ya apt, inakuja na kile tu kilichokosekana. Vingine vyote vilivyokwishawekwa inavitumia pamoja na wenzake. Ukiichukua kwa Flatpak, njia nyingine ya kuweka programu, kabla hata programu haijafika inabeba msingi wake, mamia ya megabaiti. Nitakuwa muwazi: Flatpak ina faida zake, toleo huwa jipya na haligombani na mengine. Lakini kijana wa Gungu anayenunua bando la siku, megabaiti hizo ni chakula. Ndiyo maana naweka Debian yenye Xfce, sura nyepesi ya dawati, ambayo ikiwaka yenyewe bila kitu haifiki RAM ya gigabaiti 1, na programu zote nachukua hazinani. Matoleo yake si mapya zaidi. Barua ya mwenye nyumba haihitaji toleo jipya zaidi.

Na kuna hili nililojifunza taratibu. Ukitumia apt-get kuweka programu, vifurushi vilivyoshushwa havifutwi, vinabaki ndani ya /var/cache/apt/archives. Amri fupi ya apt yenyewe huvifuta ikimaliza kazi, kwa hiyo angalia unatumia ipi. Mimi natumia apt-get kwenye mashine moja, nashusha mara moja, halafu nanakili folda ile kwenye flashi na kuipeleka kwenye mashine nyingine zenye Debian ya toleo lile lile. Laptopu nne za walimu nimezivalisha LibreOffice, VLC, GIMP ya kuhariri picha na fonti zote kwa bando moja. Walisimama pembeni wakiangalia mstari wa kupakua usiopakua chochote.

Sasa lugha. Hili linaniuma, na nitalisema kwa kirefu kidogo. Mwaka 2004, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Watu walikaa wakatafuta maneno, wakabishana, wakaandika. Leo ukikaa steshenari yoyote ya hapa, kijana anafundishwa kazi kwa kukariri mahali pa kubonyeza, maana maneno yaliyoandikwa pale hayamwambii kitu. Anajua "cha tatu kutoka juu." Menyu ikisogea, amepotea. Anayetumia Linux ana nafasi ya kurekebisha hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu tafsiri ziko wazi na yeyote anaweza kuzichangia, na bado ni wachache mno tunaojitokeza.

Kidogo kilichopo tukitumie basi. Kipo kifurushi kinachoitwa hunspell-sw, kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Bila hicho, ukurasa mzima wa Kiswahili unapigwa mistari myekundu na mwandishi anazoea kuipuuza, hata ile iliyopigwa mahali penye kosa la kweli. Nikikiweka, mistari inapungua sana. Haiishi, maana vitenzi vyetu vina viambishi vingi na "hatujawasilishiana" inaweza kumshinda yeyote. Lakini ikibaki mistari mitano kwenye ukurasa, utaitazama yote mitano. Naweka na hunspell-fr pia. Kigoma ni mji wa bandari, wateja kutoka Kalemie na Bujumbura wanakuja na hati zao za Kifaransa, na kibodi ya Kifaransa kwenye Xfce inaongezwa bila kushusha kitu chochote. Mzee mmoja wa Uvira alipoona alama zote za juu ya herufi zimekaa sawa kwenye ankara yake, alirudi wiki iliyofuata na wenzake wawili.

Picha za pasipoti nazikata kwa GIMP. Ilinichukua wiki mbili za kujikwaa kwa sababu mkono ulizoea Photoshop, na Photoshop niliyoizoea ilikuwa ya kuvunjwa, yaani isiyolipiwa, kama zilivyo nyingi mitaani. Sitaki tena kuweka programu za namna hiyo kwenye mashine inayopitisha vyeti na vitambulisho vya watu. Hujui aliyeivunja aliacha nini ndani. Lakini simwambii mpiga picha mwenye oda za harusi kumi aache Photoshop Jumatatu na aanze GIMP Jumanne. Abaki na mashine yake, ajifunze pembeni, ahame akiwa tayari.

Na kabla ya yote hayo, jaribu printa. Washa Linux kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, unganisha printa, toa karatasi moja. HP wana draiva yao ya Linux, HPLIP, ambayo inapatikana hazinani. Kuna printa nyingine ndogo zinazosumbua. Steshenari isiyochapisha haina mjadala wa programu.

Kazi ambayo sijaimaliza mpaka leo ni kadi. Karibu kila steshenari nchini imetengeneza kadi za michango ya harusi, kadi za mwaliko na ratiba za mazishi kwa Publisher ya Microsoft, na mimi nilifanya hivyo miaka mingi kabla ya kuhama. Microsoft wametangaza kwamba mwisho wa Publisher ni Oktoba 2026. Mafaili hayo ya pub karibu hakuna programu nyingine inayoyaandika. LibreOffice Draw inayafungua, ingawa haiwezi kuyahifadhi tena katika muundo ule ule, na mara nyingine maua ya pembeni yanahama au jina la bibi harusi linashuka mstari. Nayarekebisha, nayahifadhi katika odg, muundo wa Draw, na PDF pembeni.

Folda ina zaidi ya kadi mia tatu. Kila jioni nikishafunga mlango wa mbele nafungua tatu au nne. Juzi nilifika kwenye ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Ujiji, na mwanawe alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama bado ninayo, kwa sababu picha nzuri ya baba yao ilikuwa humo na simu iliyoipiga ilishapotea. Ilifunguka. Picha ilikuwa imesogea kushoto kidogo, lakini nzima. Niliitoa peke yake, nikaihifadhi, nikamtumia usiku ule ule.