Upepo wa Turkana tulianza kuulipia kabla ya nyaya kufika

Jana jioni redioni walikuwa wanajadili bei ya stima. Akapiga simu jamaa mmoja, sauti imejaa uchungu, akasema hii miradi ya upepo ndiyo imetumaliza sisi wananchi. Mtangazaji akaitikia, mgeni wa studio akaitikia, kisha wakaingia matangazo ya biashara. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Jambo hilo limenikera usiku kucha, na leo naliandika kwa sababu tunaelekeza lawama kusikostahili, huku wanaostahili kulaumiwa wakipita katikati yetu bila kuguswa.

Jamaa yule ana haki ya kulia. Tangu Aprili 2023, EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bei ya stima na mafuta, ilipopitisha bei mpya, kiwango cha nafuu kwa mtumiaji mdogo kilishushwa kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi uniti 30. Ukishakuwa na friji na pasi, uniti 30 hazifiki popote. Familia ambazo jana zilihesabiwa kuwa za kusaidiwa, leo zinahesabiwa kuwa zinajiweza, na mishahara ni ile ile.

Lakini si upepo uliofanya hivyo. Ile mitambo 365 ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, iliyosimama kule Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, ina uwezo wa megawati 310, na haichomi tone la mafuta. Mabwawa ya Mto Tana yakikauka, upepo hauna habari. Kila saa mitambo hiyo inapozunguka vizuri, kuna jenereta ya mafuta mazito mahali fulani ambayo haikuhitaji kuwashwa, na mafuta hayo tungeyalipia mimi na wewe mwisho wa mwezi. Upepo ni rafiki wa mlipaji. Tatizo ni karatasi zilizotiwa saini kwa niaba yetu.

Tukumbushane ilivyokuwa. Serikali ilikubali kwamba wawekezaji watajenga mitambo, nayo itajenga laini ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, kupitia Ketraco, kampuni ya serikali ya kujenga laini kubwa za umeme. Kandarasi ikapewa kampuni ya Kihispania, Isolux Corsán. Mapema mwaka 2017 mitambo ilikuwa imekamilika, laini haijakamilika. Palikuwa na mizozo ya fidia ya ardhi ya kupitishia nyaya, kisha mkandarasi mwenyewe akafilisika mwaka huo huo. Ikabidi kampuni za China ziletwe kumalizia minara iliyobaki. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi ya taifa Septemba 2018, na sherehe ya ufunguzi ikafanywa na Rais Uhuru Kenyatta Julai 2019.

Kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka mzima mitambo ilisimama jangwani bila waya wa kupeleka umeme wake kokote. Na mkataba wa Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, kununua umeme huo ulisema nini? Ulisema kwamba ikiwa mitambo iko tayari na kosa la kutopokea umeme ni la upande wa serikali, umeme huo utahesabiwa kana kwamba umezalishwa na kununuliwa. Deni likawa mabilioni ya shilingi. Wakajadiliana, wakaafikiana: Hazina ya Taifa ikatoa shilingi bilioni 5.7, na sehemu iliyobaki ikachanganywa ndani ya bei ya umeme wa mradi huo ilipwe polepole na wateja kwa miaka sita.

Naomba usiipite haraka sentensi hiyo ya mwisho. Hazina ni kodi yetu. Wateja ni sisi. Mkandarasi alifilisika, maofisa waliomchagua wakaendelea na kazi zao, mwekezaji akafidiwa, na gharama yote, kuanzia shilingi ya kwanza hadi ya mwisho, ikateremka hadi kwa mtu anayenunua tokeni ya shilingi hamsini dukani. Nimetafuta katika mpango ule mahali ambapo hata mhusika mmoja mwenye uwezo wa kuzuia ucheleweshaji alilipa chochote kutoka mfukoni mwake. Sijapaona.

Wala hatuwezi kusema hakuna aliyeonya. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijiondoa kwenye mpango wa kudhamini mradi huu, na hoja yake ilikuwa wazi: Kenya Power ingefungwa kununua umeme ambao huenda nchi isingeuhitaji kwa wakati huo, na ingelazimika kuulipia uwe umetumika au haujatumika. Benki ya Maendeleo ya Afrika na wengine wakaendelea. Labda walikuwa sahihi kuendelea, sitabishana hapo. Lakini onyo lile lilipaswa kuleta kifungu kimoja tu kwenye mkataba: saa ya malipo ianze kuhesabu siku laini itakapofika. Kifungu kimoja.

Katika ploti yetu kuna mama anayeuza sharubati na barafu. Maisha yake yamo ndani ya friji lile kuukuu lililo karibu na mlango. Juzi aliniita nimsomee ujumbe wa tokeni, kwa kuwa maandishi ya simu yake yamefifia. Kulikuwa na nambari ya mita, tarakimu ishirini za tokeni, uniti, kiasi alichotuma, kiasi kilichokwenda kwenye umeme, halafu mstari mmoja wa gharama nyinginezo ambao ulikuwa umemeza sehemu kubwa ya pesa yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "hizi nyingine ni za nani?"

Nikaanza kumweleza. Mama, kuna gharama ya mafuta, inayopanda na kushuka kila mwezi. Kuna ya mfumuko wa bei. Kuna ushuru wa EPRA, na wa mamlaka ya maji kwa ajili ya umeme wa mabwawa. Kuna asilimia 5 ya kusambaza stima vijijini, hiyo akaikubali mara moja, akasema kwao Kitui ilifika kwa njia hiyo. Kuna VAT ya asilimia 16. Nikafika kwenye marekebisho ya fedha za kigeni, hapo nikakwama. Nitamwelezaje mama huyu kwamba mkataba wa upepo uliandikwa kwa euro, na mingine mingi kwa dola, na kwamba mwanzoni mwa 2024 dola ilipofika shilingi 160, tofauti ilitafutwa kwenye sharubati yake? Yeye anauza kwa shilingi. Wateja wake ni watoto wa shule. Hakuna siku amewahi kushika euro. Wenye mikopo mikubwa walijikinga na kuyumba kwa shilingi kwa kumtwisha yeye mzigo huo, na hakuna aliyemwuliza kama anauweza.

Hasira yangu iko hapo. Nchi nyingi zinanunua umeme wa upepo, na ni kweli kwamba ujenzi lazima ulipiwe, na ni kweli kwamba hakuna mwekezaji ambaye angepeleka mitambo ile Marsabit bila uhakika wa kulipwa. Hata barabara ya kutoka Laisamis ilibidi waijenge upya, zaidi ya kilomita 200. Hayo nayakubali. Ila uhakika una pande mbili. Ikiwa mwekezaji amehakikishiwa bei, fedha ya malipo na soko kwa miaka 20, basi mlipaji naye ahakikishiwe kitu. Hadi leo mlipaji hana alichohakikishiwa.

Halafu kuna suala la usiku. Upepo wa ukanda ule wa Turkana huwa na nguvu sana usiku hadi alfajiri, saa ambazo viwanda vingi vimefungwa na watu wamelala. Matumizi yakishuka, mitambo ya upepo huambiwa ipunguze, na kule Olkaria KenGen, kampuni inayozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, huachilia mvuke hewani. Umeme upo, wa bei nafuu, safi, na hauna pa kwenda. Viwanda vilishapewa bei ya chini ya usiku tangu Desemba 2017. Magari na pikipiki za umeme zilipewa ya kwao 2023. Sisi wa tokeni nyumbani, bei ya saa nane usiku ni ile ile ya saa moja jioni wakati kila mtu amewasha. Mama wa friji angegandisha barafu yake yote usiku kama angepewa sababu. Maelfu kama yeye wangefanya hivyo, na upepo tunaoulipia bila kuutumia ungepata kazi.

Mwaka 2021 jopo lililoongozwa na John Ngumi liliichunguza mikataba hii, na Januari 2022 bei ikapunguzwa kwa asilimia 15. Tulifurahi. Ilipofika Aprili 2023 furaha ikaisha. Bei ilipunguzwa kwa tangazo, mikataba ikabaki ilivyokuwa, na mkataba ndio unaopanga bei.

Sijawasahau watu wa Marsabit. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki za ekari 150,000 za mradi zilitolewa kinyume cha taratibu. Ardhi ya jamii ya wafugaji, yenye malisho na njia za mifugo, iligawiwa bila wao kusikilizwa ipasavyo. Nyaya za kilovolti 400 zinapita juu ya manyatta zikielekea Suswa, na haziteremshi hata uniti moja njiani. Kwa miaka mingi mji wa Marsabit wenyewe uliwashiwa taa na jenereta za dizeli, mradi mkubwa zaidi wa upepo nchini ukiwa ndani ya kaunti hiyo hiyo. Anayesema upepo umemnyonya ana hoja nzito zaidi akiwa Sarima, kijiji kilicho jirani na mitambo hiyo, kuliko akiwa Nairobi.

Nasikia miradi mingine ya upepo inapangwa, na mimi naitaka ijengwe. Nataka mitambo zaidi na dizeli kidogo. Lakini kabla ya saini inayofuata, mkataba wote uwekwe hadharani, kurasa zote, na EPRA iitishe vikao vya kuusikiliza mitaani na vijijini, si kwenye ukumbi wa hoteli saa nne asubuhi siku ya kazi. Bei iandikwe kwa shilingi, au walau sehemu kubwa yake. Jamii yenye ardhi iwe na hisa na iwe na stima. Malipo yaanze siku laini inapowashwa, si siku moja kabla. Na ikiwa laini itachelewa, afisa na mkandarasi waliohusika watajwe, na fidia itoke kwao kabla ya kutafutwa kwenye tokeni ya mtu yeyote.